Koti la Mauser

Tuseme bunduki iko mezani. Meza ni ya karakana ya vyuma, nyuma ya vibanda vya Birere, Goma, pale ambapo lava ya Januari 2002 ilipita na kuganda, na watu wakarudi kujenga juu yake mawe yakiwa bado na joto. Bunduki yenyewe ni Mauser ya Kibelgiji ya mwaka 1889, ile yenye bomba jembamba la chuma lililouvika mtutu mzima kama koti.

Nasema "tuseme" kwa sababu bunduki hii nimeitunga mimi, pamoja na watu wanne walioizunguka. Mwenye chuma kama hiki kweli hakiweki mezani katika Goma ya leo. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 haimpendi, na walioushika mji tangu Januari 2025 hawatampenda zaidi. Lakini ubishi si wa kutunga. Yuko fundi wa vyuma, yuko gadi wa mbuga aliyestaafu Rumangabo, yuko mwalimu wa historia, yuko mama anayeuza sambaza na makayabu, wale samaki wa chumvi, soko la Kituku, ambaye amepita tu kuchukua sufuria yake iliyochomelewa mpini. Swali ni moja: bunduki hii nzee irudishiwe shabaha yake, au iachwe ilivyo?

FUNDI: Kwanza muache kuitukana. Kila mtu akiona bunduki nzee anasema haipati. Haipati kwa nini? Chuma hakizeeki kama mtu, chuma kinaliwa. Ukijua kimeliwa wapi, umejua ugonjwa. Ndani ya mtutu kuna mifereji, inajizungusha kama njia ya konokono. Risasi ikipita inabanwa na kuzungushwa, inatoka kama pia ya mtoto. Pia ikizunguka inasimama, ikichoka inalala. Mifereji ikiliwa, risasi inatoka inayumba. Halafu mdomo wa mtutu: ukiwa na pengo, hata dogo kama la ukucha, moshi unatoroka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi pembeni. Na huu mti. Mti ukinywa unyevu unavimba, unaulalia mtutu. Asubuhi bunduki inapiga hapa, mchana inapiga pale.

MAMA: Kumbe inafuata hali ya hewa, kama baba watoto.

FUNDI: Cheka, Mama, lakini Wabelgiji walilijua hilo. Ndiyo maana ya koti.

Hapo Fundi ana haki, na mimi naomba nikae kidogo kwenye koti, kwa sababu ndilo lililonifanya niichague bunduki hii badala ya nyingine yoyote. Mwaka 1889 serikali ya Ubelgiji iliagiza bunduki 150,000 za muundo wa Mauser, na kampuni ya Fabrique Nationale ikaanzishwa Herstal, karibu na Liège, kwa ajili ya oda hiyo hiyo. Waliouchora muundo walitaka mtutu usiguswe na mti kabisa: upate joto peke yake, urefuke peke yake, usisukumwe na ubao uliovimba. Basi wakauvika bomba la chuma, mti ukashika bomba, mtutu ukabaki huru ndani. Kwenye karatasi ni akili nzuri mno. Shambani, maji yaliingia kati ya koti na mtutu, na hakuna kitambaa kilichoweza kuyafuata huko. Kutu ikala gizani, askari akiendelea kung'arisha nje. Wabelgiji wenyewe walipozitengeneza upya bunduki hizo mwaka 1936, koti lilikuwa kitu cha kuvuliwa.

Sasa lichukue koti hilo ulilete hapa. Nyiragongo na Nyamulagira zinapumua kila siku, na pumzi yao ina salfa. Mvua ikipita katikati yake inashuka kali. Muulize mtu yeyote wa Goma au wa Rusayo bati lake hukaa miaka mingapi kabla ya kuanza kuona nyota usiku kupitia dari. Chombo kilichobuniwa ili risasi iende sawa kiliwekwa mahali ambapo hewa yenyewe ni tindikali.

FUNDI: Na kuna kitu kingine hamkijui. Risasi za zamani, kile kiwashio cha nyuma kilikuwa kinaacha kama chumvi mtutuni. Si majivu ya baruti, ni chumvi kabisa.

MAMA: Chumvi ya kula?

FUNDI: Ndugu yake. Inavuta maji hewani.

MAMA: Hilo unanifundisha mimi? Makayabu ukiyaacha wazi wakati wa mvua, asubuhi yamelia machozi. Sasa mlikuwa mnafanyaje?

FUNDI: Maji ya moto. Askari wa zamani, basoda, walimwaga maji ya moto mtutuni, wakakausha, ndipo wakatia mafuta. Aliyetia mafuta bila kuosha aliifunika chumvi tu, ikaendelea kula chini kwa chini. Kwa hiyo msiniambie bunduki hii ni mbaya. Mtu mmoja, siku moja, alichoka kuchemsha maji.

Gadi alikuwa kimya muda wote huo, ameishika bolti mkononi kama mtu anayepima uzito wa kuku sokoni.

GADI: Fundi, wewe unaongea juu ya bunduki. Mimi naongea juu ya shabaha. Si kitu kimoja. Tuseme umenyoosha mdomo, umekausha mti, umekaza skrubu zote. Utaipa risasi gani? Hii inakula ya milimita 7.65 ya Kibelgiji, nayo si ya Kalashnikov. Hata ukizipata kumi kwa muujiza, kila moja itakuwa imelala kwenye unyevu wake. Baruti ya hii imepoa, ya ile imekauka. Moja itapiga juu, moja chini, moja itasema "tik" na kunyamaza. Mtutu mzuri na risasi za kuokoteza ni sawa na mizani nzuri na mawe ya uongo.

FUNDI: Kwa hiyo tuiache ioze?

GADI: Sijafika huko. Nasema shabaha ina miguu mitatu: mtutu, risasi, na mtu. Na mtu ndiye anayekosa kwanza. Nilikuwa na vijana wanafika mafunzoni wanafumba macho kabla hawajavuta. Bunduki ingetoka Herstal jana, ingewafaa nini? Kupiga nyati vibaya ni kosa kubwa kuliko kutompiga. Nyati aliyejeruhiwa anakungoja kwenye majani, na kama hakukupata wewe atampata mama anayetoka kuchota maji.

Aliyeyajua hayo kuliko wote, aliendelea Gadi, alikuwa mzungu mmoja wa Uskoti aliyeitwa Bell, "Karamojo" Bell, aliyewinda Uganda na kwenye Enklevu ya Lado, mpakani mwa Kongo ya wakati ule, mwanzoni mwa karne iliyopita. Wenzake walibeba bunduki nene za kuvunja bega. Yeye sehemu kubwa ya kazi aliifanya kwa bunduki ya mtindo wa Mauser yenye risasi ya milimita saba tu, risasi ya kijeshi. Alikuwa akipasua vichwa vya tembo waliokufa ili ajue ubongo umekaa wapi, kutoka mbele, kutoka ubavuni, kutoka nyuma. Aliona kwamba risasi ndogo inayofika panapotakiwa inashinda kubwa inayofika karibu.

FUNDI: Umeona! Ndicho ninachosema mimi. Usahihi!

GADI: Ndiyo. Na kwa usahihi huo aliua tembo zaidi ya elfu moja.

Karakana ikanyamaza. Huko nje chukudu, ile baiskeli ya mbao, ilipita ikinguruma juu ya mawe, imebeba makaa.

GADI: Ila nisiwe mtu wa upande mmoja. Viboko wa Ziwa Edward hawakuuawa na watu wenye shabaha. Miaka ya 1970 walikuwa karibu 30,000. Vita vilipotuchezea, wakabaki chini ya 1,000. Wale waliowaua walimwaga tu masasi majini. Na Julai 2007, sokwe wa familia ya Rugendo, yule baba yao Senkwekwe na majike, walipigwa risasi, na nyama haikuchukuliwa. Aprili 2020 tulipoteza gadi 12 kwa siku moja, shambulio la kuvizia, si mbali na Rumangabo. Kwa hiyo mkiniuliza kama nataka bunduki ipate au ikose, nitawauliza kwanza ni ya nani.

Mwalimu alikuwa amevaa miwani yake tayari. Walimu wetu wakivaa miwani wakati wa ubishi, jua kwamba tarehe zinakuja.

MWALIMU: Hilo swali la "ni ya nani" lilijibiwa kwa maandishi, tarehe 2 Julai 1890, Brussels. Mataifa 17 yalitia saini, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ikiwemo, na Sultani wa Zanzibar akiwemo. Mkataba ulikuwa wa kupiga vita biashara ya watumwa, na hilo lilikuwa jema. Lakini ndani yake waliweka kifungu cha silaha. Kuanzia mstari wa 20 kaskazini hadi wa 22 kusini, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa, hasa zile zenye mifereji mtutuni. Kilichoruhusiwa kuuzwa ni gumegume, mtutu laini ndani, na baruti ya kawaida. Fundi, unasikia? Walichokikataza kwa jina ni hiyo njia yako ya konokono.

FUNDI: Mifereji?

MWALIMU: Mifereji. Mwafrika akitaka kelele na moshi, auziwe. Akitaka kupata anachokilenga, asiuziwe. Na usidhani walipomwajiri wenyewe mambo yalibadilika haraka. Force Publique ilibaki miaka mingi na Albini ya risasi moja moja, wakati majeshi ya Ubelgiji kule kwao yalikuwa na hii Mauser. Ng'ambo ya ziwa, Wajerumani waliwapa askari wengi bunduki ya mwaka 1871, inayotoa moshi mzito. Ukipiga mara moja, wingu linasimama juu ya kichwa chako kumwonyesha adui ulipolala. Vita ilipoanza mwaka 1914 ndipo wakakumbuka. Tanga, Novemba mwaka ule, Wajerumani walifurahia bunduki za kisasa walizowapokonya Waingereza karibu kuliko ushindi wenyewe. Aprili 1915 meli ya Rubens ikawaletea nyingine kama 1,800, lakini ikazama kwenye maji ya ghuba, na risasi zilizoopolewa zikabidi zifunguliwe na kukaushwa moja moja.

GADI: Na zikasema "tik".

MWALIMU: Baadhi zikasema "tik". Na huku kwetu, mwaka 1916, jeshi la Wabelgiji chini ya Tombeur likatoka Kivu likaingia Kigali mwezi Mei, na Tabora tarehe 19 Septemba. Watu wa Kongo wakatakiwa kulenga sawasawa siku ambayo mzungu alihitaji walenge wazungu wenzake. Kwa hiyo bunduki hii ikiwa imeliwa, mimi nataka ibaki imeliwa. Ukiichonga upya, unafuta mwandiko.

FUNDI: Mwandiko gani, Mwalimu? Hii ni kutu.

MWALIMU: Basi kutu ndiyo mwandiko.

FUNDI: Kwa mtu aliyesoma hilo ni neno zuri. Kwa mtu wa tupa na jiliwa, kutu ni uvivu wa mtu. Unataka niupigie saluti uvivu?

Nikiri hapa kwamba moyo wangu ulikuwa kwa Fundi. Tuna majumba mengi ya ushahidi uliooza, na mafundi wachache wanaoweza kusema jambo lilioza lini na kwa sababu gani. Anayejua kurekebisha ndiye anayejua kusoma. Mwalimu aliuona mtutu ule kama kaburi, Fundi aliuona kama barua. Ila Mwalimu alikuwa na jambo moja zaidi, na alilisema bila kupandisha sauti.

MWALIMU: Kuna bei ya kukosa shabaha ambayo hamjaitaja. Wakati wa mpira wa Leopold, askari walihesabiwa risasi. Mashahidi walieleza, na ripoti ya Casement, konsuli wa Uingereza, ya mwaka 1904 imebeba habari hizo: kwa kila risasi iliyotumika, uletwe mkono wa mtu, ili mzungu ajue haikupotea. Sasa askari amepiga mnyama wa kula. Au amelenga mtu akakosa. Risasi imekwenda, mkono hana. Alikwenda kuukata kwa aliye hai. Yeye alikosa, mtu mwingine akalipa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake. Alirudi akaketi juu ya gurudumu.

MAMA: Mnisikilize na mimi, maana nyote mnaongea kama bunduki isiyopata ni jambo la zamani. Januari 2025 tulikuwa chini ya vitanda. Basoda wa huku wanapiga, wa kule wanapiga, masasi yanaingia kupitia bati kama mvua ya mawe. Hayakutulenga sisi. Nani ana shida na mimi, muuza sambaza? Yalipotea tu. Watu wamezikwa kwa risasi ambayo haikuwa na jina lao.

FUNDI: Basi Mama uko upande wangu! Bunduki ikipiga sawa...

MAMA: Ngoja, mudogo wangu. Zile bunduki zilikuwa nzee? Zilikuwa na kutu? Hapana. Zilikuwa nzima, hiyo mifereji iko, mafuta yako. Zingelengwa, zingepata. Hawakulenga. Wewe ungetengeneza nini pale?

Fundi hakujibu, na nadhani hakuna jibu la karakana kwa swali hilo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia majeshi yaligundua kwamba askari wengi hupiga kwa umbali wa mita mia chache tu, wakiwa na hofu, na kwamba wingi wa risasi hufanya kazi kuliko ubora wa mmoja anayelenga. Kalashnikov ikazaliwa katika fikra hiyo, na risasi yake fupi. Kwa sisi wa huku fikra hiyo si ngeni. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alieleza mwenyewe kwamba jina lake lilitokana na mlio wa bunduki za watu wake. Hakuitwa kwa jina la mtu aliyepigwa wala la mahali palipolengwa. Alikuwa mlio. Mauser na koti lake ilitoka kwa watu walioamini kwamba risasi moja inastahili kufikiriwa kabla ya kutoka. Waliamini hivyo kwa faida yao, sawa, na Brussels wakahakikisha imani hiyo haivuki bahari kwa kila mtu. Lakini nikiwa nimelala chini ya kitanda mtaani Majengo, kati ya mtu anayefikiria na mtu anayemwaga, najua ni yupi ningependa awe dirishani kwangu. Na najua pia kwamba ningependa dirisha lisiwe na mtu.

MWALIMU: Msumbiji walipata njia ya tatu. Mwaka 1995, Askofu Sengulane na Baraza la Kikristo walianza kukusanya silaha za vita vyao. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, au cherehani, au baiskeli. Bunduki zikakatwa, wasanii wakapewa vipande. Mmoja, Kester, akatengeneza kiti cha enzi mwaka 2001, chote ni vipande vya bunduki. Kiko London sasa, kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza.

MAMA: Kiti cha bunduki? Nani anakikalia?

MWALIMU: Hakuna. Kinatazamwa.

MAMA: Jembe lilikuwa sawa. Cherehani zaidi. Kiti hapana.

GADI: Mimi nimeona ukusanyaji wa silaha mara nyingi. Kinachotangulia kuletwa siku zote ni chuma kama hiki. Mtu analeta cha babu, anapigwa picha, kile kizima kinabaki shambani kimefungwa kwa plastiki. Ukiwa na bunduki nzee iliyokufa kabisa, ndiyo silaha nzuri ya kusalimisha.

FUNDI: Basi niambieni nifanye nini nayo, maana meza ni yangu na kesho kuna mtu analeta geti.

Walibishana tena, muda mrefu kuliko nafasi niliyo nayo hapa, na sehemu kubwa ilikuwa marudio. Mwalimu alilegea mahali pamoja: alikubali kwamba kutu isiyozuiwa itakula hata huo mwandiko wake, na miaka thelathini ijayo hakutakuwa na cha kusoma. Fundi naye alilegea, kwa shida zaidi. Alikuwa amekwisha kuuona mdomo wa mtutu ukinyooka kichwani mwake, na fundi aliyeiona kazi yake kichwani huwa kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Alikubali kulivua koti, kusimamisha kutu, na kuacha mifereji ilivyo. Pini ya kupigia akaitoa, akampa Gadi, ambaye aliizungushazungusha vidoleni kisha akaitupa kwenye pipa la vipande vya kuyeyusha.

Ilichukua muda koti kutoka. Lilikuwa limeshikana na mtutu kama ngozi na kidonda kikavu, na Fundi alilipasha moto polepole huku akinong'ona maneno ambayo Mama alijifanya hayasikii. Lilipoteleza, unga mwekundu ukamwagika mezani, wa kutosha kujaza kikombe. Chini yake mtutu ulikuwa na mashimo kama uso wa mwenye ndui, isipokuwa karibu na mdomo, sehemu ya urefu wa kiganja, ambapo chuma kilikuwa bado cheusi na laini kama kilivyotoka Herstal. Hapo maji hayakufika. Mwalimu aliinama akaitazama sehemu hiyo kuliko zote.

MWALIMU: Itarudi tu, hii kutu. Kwa hewa hii ya mlima.

FUNDI: Nitaipaka mafuta kila mwisho wa mwezi.

MAMA: Mafuta gani?

FUNDI: Ya mashine. Mawese hapana, yana asidi.

MAMA: Afadhali. Maana bidoni ya mawese imepanda tena, na ningekusikia unayamimina kwenye bomba hilo ningekuja kuyadai.